Somo: Kumpeleka mtoto shambani kuangua maembe, hatua kwa hatua

Ndugu wazazi, msimu wa maembe umeingia. Huku Pwani, Novemba mpaka Januari miembe inazaa hadi matawi yanainama. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na kila Desemba tunawapeleka watoto Mkuranga kwa siku moja. Siku hiyo moja huwapa mambo ambayo darasani tunahangaika nayo muhula mzima.

Hatua ya 1: Hodi. Mtoto mwenyewe apige hodi, amwamkie mwenye shamba, aseme tumekuja kununua maembe. Usimsemee, hata akikawia. Bei mpatane wakubwa mapema.

Hatua ya 2: Vifaa. Upembo, yaani kijiti kirefu chenye kulabu cha kuangulia, kanga kuukuu, ndoo ya maji, sabuni, na pakacha dogo kwa kila mtoto. Avae viatu vya kufunika. Kagua mti kabla hawajausogelea: ukiona majani yameshonwa pamoja kama kifuko, hao ni sisimizi wakali waitwao maji moto. Hamieni mti mwingine.

Hatua ya 3: Changa, pevu, bivu. Hapa msiharakishe. Embe changa mabega yake yamelala, kikonyo kimechomoza juu. Likipevuka, mabega hujaa na kuinuka, kikonyo kikabaki kama kimezama shimoni. Mpe mtoto maembe mawili, apitishe kidole gumba, anuse, apime uzito kwa viganja, kisha aamue yeye.

Mwaka jana tulikuwa na mtoto wa miaka minne, darasani hasemi kitu. Alishika embe, akalisugua mabega taratibu, akalinusa, akaniambia, “Mwalimu, hili bado limelala.” Tukalitia kwenye ndoo, likaelea. Lililopevuka kwa kawaida huzama. Basi alishinda kwenye ile ndoo mpaka tunaondoka, anapima maembe ya wenzake na kuwaeleza kwa nini. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

Hatua ya 4: Kuangua. Mkubwa avute upembo, watoto wanne washike pembe za kanga wadake. Mmoja akilegeza, embe linaponyoka, na wataelewana wenyewe namna ya kusimama. Macho na mikono vinajifunza kwenda pamoja. Kikonyo kikikatika utomvu hutoka, nao unachoma ngozi. Osheni mara moja kwa sabuni.

Hatua ya 5: Mafungu. Matano matano, kama sokoni.

Hatua ya 6: Kuvundika. Yaliyopevuka yafunikeni kwenye boksi lenye nyasi kavu. Kila asubuhi mtoto anuse, abonyeze kidogo, arudishe. Kwa umri wake, kungoja siku nne ni kazi kubwa kweli. Msimfiche boksi, wala msimfungulie kabla ya wakati.

Maswali ya wazazi

*Wangu ana mwaka na nusu, si mdogo mno?*
Si mdogo, mama. Yeye aokote yaliyoanguka, atie kikapuni, amwage, atie tena. Mkatie vipande laini vya embe bivu na ukae naye anapokula.

*Mwaka jana mwanangu alitoka vipele mdomoni baada ya maembe. Nimwache nyumbani?*
Mara nyingi ni ule utomvu. Mwembe ni jamaa ya mkorosho, na maganda yake huwasumbua wengi. Asing'ate ganda, osha na umenye wewe. Ila kama midomo ilivimba au alihema kwa shida, asile kabisa mpaka daktari amwone.

*Sisi tuko Lushoto, milimani kwenye baridi, maembe tutayatoa wapi?*
Mna plamu na pea hapo mlangoni! Upembo hamtauhitaji sana, mtoto atachuma kwa mkono wake. Mfundishe kulizungusha tunda taratibu badala ya kulivuta, tawi lisivunjike.

*Wa kwangu ana miaka sita, anang'ang'ania kupanda mti. Nimkatalie?*
Tawi la chini kabisa, usawa wa kifua chako, nawe umesimama chini yake. Lakini usimbebe kumweka juu. Pale alipofika kwa mikono na miguu yake mwenyewe, na kushuka atajua.