Somo: Kukusanya protini zinazotolewa na mnyoo wa ini, kutoka machinjioni hadi kwenye friza

Swali la namna ya kupata protini za mnyoo wa ini limeulizwa tena wiki hii, kwa hiyo ninaandika jibu lote mahali pamoja, na atakayeliuliza baada ya hapa nitamwelekeza asome.

1. Omba ruhusa mapema kwa msimamizi wa machinjio na kwa mkaguzi wa nyama.

2. Chagua ini la ng'ombe ambalo mirija yake ya nyongo imevimba na kuwa migumu. Pasua mrija kwa urefu, sukuma taratibu kwa kidole, na mnyoo wa ini, Fasciola gigantica, atateleza nje. Mnyoo aliyekatwa na kisu mtupe.

3. Wasafirishe katika chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaliyopashwa hadi nyuzi 37. Usitumie barafu.

4. Kuosha. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika. Mnyoo huyu ana mdomo lakini hana njia ya haja kubwa, hivyo damu ya ng'ombe iliyojaa katika utumbo wake uliotawanyika mwili mzima haina pa kutokea ila mdomoni, naye huitapika kwa muda mrefu baada ya kutolewa kwenye ini. Maji ya kwanza yatageuka kahawia kama chai ya rangi; yabadilishe tena na tena, yakiwa ya vuguvugu, mpaka yabaki meupe. Ukiwa na haraka, utakachopima ni ng'ombe: kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa utaona mstari mnene karibu na kilodaltoni 66 (kipimo cha uzito wa protini), nao ni albumini, protini ya damu yake. Mchunguze kila mnyoo kama bado anajikunja, kwa sababu mmoja akifa huvujisha protini za ndani ya mwili wake na kuichafua chupa nzima. Usiweke vizuizi vya vimeng'enya (kemikali zinazozuia vimeng'enya kukatakata protini) wakati minyoo wakiwa hai.

5. Ili watoe protini zao, waweke katika RPMI 1640 (majimaji ya lishe ya kukuzia seli) isiyo na seramu, kwa nyuzi 37, kwa saa mbili hadi nne.

6. Ondoa minyoo, zungusha majimaji kwenye sentrifuji ya baridi, weka vizuizi, gawanya katika vichupa vidogo, hifadhi kwa nyuzi -80. Anayetaka kupima utendaji wa kathepsini L, kimeng'enya ambacho ndicho hutawala majimaji haya, asiweke kizuizi kiitwacho E-64, kwa kuwa hukizima.

MASWALI

Mwanachama: Nimewaosha kwa maji ya bomba. Kuna tatizo?

Jibu: Lipo. Maji yasiyo na chumvi hupenya na kuwavimbisha. Anza upya.

Mwanachama: Wangu walilala kwenye barafu na hawajikunji tena. Niendelee na hatua ya tano?

Jibu: Hatua ya tatu na ya nne zimekwisha kujibu.

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Nimekuta enolasi, kimeng'enya cha ndani ya seli, katika majimaji, ilhali haina peptidi ya ishara (kipande kinachoielekeza protini itolewe nje ya seli). Je, minyoo wangu walikufa? Na protini zilizobaki kwenye ngozi nizipateje?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Si lazima wawe wamekufa, kwa maana protini nyingi za aina hiyo hutoka zikiwa ndani ya vifuko vidogo vinavyobanduka kwenye ngozi na kwenye utumbo. Zungusha majimaji kwa nguvu ya g 100,000 (mara 100,000 ya mvutano wa dunia) au zaidi, kisha uangalie kama enolasi imeshuka pamoja na vifuko. Ngozi yenyewe ni tabaka moja lililo hai, lisilo na mipaka kati ya seli. Ili kupata protini za uso wake, mpake mnyoo hai biotini (kemikali ya kuzitia alama protini) isiyoweza kupenya utando, kisha zinase kwa streptavidini, protini inayoishika biotini. Ukipata tetraspanini, yaani protini fulani za utando, zifuatilie kwa makini: kwa mnyoo wa kichocho, tetraspanini iitwayo TSP-2 imefika kwenye majaribio ya chanjo kwa binadamu.

Mwanachama: Nyongeza kwa wenzangu: andikeni alama kwenye hiyo chupa ya chai, maabara ina watu wengi.

Mwanachama: Kutoka ini la mbuzi wa Kongwa nimetoa mnyoo mweupe, mrefu, mwenye pingili. Naye hutapika?

Jibu: Huyo yaelekea ni tegu, Stilesia hepatica, anayekaa katika mirija ya nyongo ya mbuzi na kondoo. Hana mdomo wala utumbo, chakula chote hupita kwenye ngozi, kwa hiyo hana cha kutapika. Mwoshe kuondoa nyongo iliyomganda, na usimchanganye na mnyoo wa ini katika chupa moja.