Kupanga jeti za kabureta kwenye gari la turbo: kwanza niambie unaendesha wapi

Mtu akiniletea gari la zamani lenye turbo na kabureta, swali lake la kwanza huwa, "Fundi, niweke jeti namba ngapi?" Jeti ni kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima petroli ndani ya kabureta. Na mimi namuuliza: gari hili linalala wapi, na linateremka mpaka wapi? Bila jibu la hilo sifungui kifuniko.

Nilijifunza kwa hasara. Mzee mmoja wa Shanty Town, Moshi, alinipandishia Arusha Renault 5 GT Turbo yake. Ni gari dogo la 1397 cc lenye turbo ya Garrett T2 inayopuliza hewa ndani ya kabureta ya Solex. Nikapanga jeti jioni, nikaijaribu kwa kupanda Ngaramtoni, ikavuta vizuri, plagi zikatoka na rangi ya kahawia ya kupendeza. Asubuhi mzee akaondoka. Karibu na Boma Ng'ombe akakanyaga mafuta apite lori, akasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo, kisha nguvu ikaisha. "Fundi, gari lilikuwa zima Ngaramtoni," aliniambia kwenye simu. Ni kweli, lilikuwa zima.

Plagi ya silinda ya tatu bado ninayo kwenye rafu. Kauri yake ni nyeupe kama chokaa, na ukiigeuza kwenye jua unaona vidoa vinavyometa, vidogo kuliko punje ya chumvi. Hiyo ni alumini ya pistoni. Mafuta yalikuwa kidogo, moto ukazidi, injini ikagonga, na ukingo unaoshika ringi ukavunjika. Gharama nilibeba mimi.

Kilichotokea ni hiki. Kabureta inapima kiasi cha hewa inayopita, lakini haijui hewa hiyo ni nzito au nyepesi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar. Moshi ni mita 800 na kitu. Kila unapoteremka hewa inakuwa nzito, na jeti ileile inatoa mafuta yasiyotosha hewa hiyo. Turbo nayo inafanya vilevile: inaibana hewa iwe nzito. Kwa hiyo ukiteremka Moshi huku umekanyaga mpaka mwisho, umeongeza uzito wa hewa kwa njia mbili, na jeti haijaongezeka hata kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Jeti ndiyo ya mwisho kuguswa. Kwenye mfumo ambao turbo inapuliza ndani ya kabureta, bakuli la mafuta lazima lipate shinikizo lilelile la turbo kupitia mpira wake. Mpira huo ukipasuka, hewa inayasukuma mafuta yarudi kwenye bakuli badala ya kutoka, na utaongeza jeti mpaka uchoke. Pampu nayo: kama turbo inatoa baa 0.7, mafuta yanapaswa kufika kwenye kabureta na baa 0.95 hivi, yaani yawe mbele ya turbo kwa robo baa wakati wote. Kazi hiyo ni ya regyuleta yenye mpira unaotoka upande wa turbo. Funga geji ya mafuta kwa muda, iwe mahali unapoiona ukiwa barabarani, na utazame turbo inapopanda. Sindano ya geji isipopanda pamoja na turbo, rudi gereji. Usiende kutafuta jeti.

Uvujaji nautafuta hivi: nachukua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira mkubwa unaotoka turbo, nakitoboa, nafunga valvu ya tairi isiyo na tyubu. Napuliza kwa kompresa mpaka PSI 10, si zaidi. Kisha maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila klempu, kwenye gasketi ya kifuniko, na hasa pale fito ya kipepeo cha kabureta (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) inapotokeza pembeni. Hapo ndipo povu huchemka. Sili zikichoka, gari likiwa na busti (shinikizo la turbo) linatema ukungu wa petroli juu ya ekzosi yenye moto. Nimeona rangi ya boneti imebabuka kwa sababu hiyo, kwa hiyo kazi hii sifanyi bila mtungi wa kuzimia moto kando yangu.

Wanaofunga turbo kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo waangalie pia floti, lile boya la ndani ya bakuli la mafuta. Ile yenye uwazi ndani inaweza kubonyea kwa shinikizo. Tafuta isiyo na uwazi.

Hayo yakiwa sawa, ndipo jeti. Kwa kabureta za Solex na Weber namba ni kipenyo kwa mia ya milimita: 130 ni tundu la milimita 1.30. Kutoka 130 kwenda 135 watu huona ni hatua ndogo, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa karibu asilimia 8. Naomba sana, usizibue jeti kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, waya unaikwaruza, na kuanzia hapo namba iliyoandikwa juu yake ni ya uongo. Tumia hewa ya kompresa na petroli safi. Kutoboa kwa mkono na drili sikushauri. Nunua jeti zenye namba.

Anza na kubwa, halafu shuka. Gari lenye mafuta mengi litatoa moshi mweusi na kusita, lakini litarudi nyumbani. Funga plagi mpya, baridi kwa hatua moja (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi), mwanya milimita 0.6. Kisha tafuta mlima badala ya mwendo kasi. Mimi naenda na gari njia ya Machame au ile ya Himo kupanda Marangu, alfajiri, gia ya tatu, nakanyaga mpaka chini kwa sekunde chache pale barabara ni tupu na naona mbali. Halafu nakanyaga klachi, nazima switchi bila kuurudisha ufunguo mpaka usukani ujifunge, naegesha, nasoma plagi. Nyeupe ni hatari, nyeusi kavu ni mafuta mengi, kahawia ndiyo tunayoitaka. Mwenye uwezo afunge geji ya oksijeni kwenye ekzosi: wakati wa busti itafute 11.5 hadi 12, yaani uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa petroli. Inasema ukweli haraka kuliko plagi.

Mafuta yakikosekana mzunguko wa juu peke yake, jeti ya hewa ndiyo ya kupunguza. Sailensa (injini inapozunguka bila kukanyaga mafuta) ikisumbua, hiyo ina jeti yake na skrubu yake, wala haihusiani na busti. Ukisikia mlio wa kugonga hata mara moja, toa mguu, na uangalie taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) kabla ya kitu kingine.

Vipimo vya mwisho navifanya Moshi siku hizi, siyo Arusha. Gari linalokwenda Tanga au Dar kila mara naliwekea jeti ya pwani na kumwambia mwenyewe avumilie ulaji akiwa huku juu. Anayeteremka mara moja moja, tofauti ya hatua ya 5 inamtosha.

Yule mzee anatembea na kibati cha dawa ya kifua chenye jeti mbili zilizofungwa kwenye karatasi, moja imeandikwa "nyumbani", nyingine "bahari". Akisafiri hubadilisha Same. Anakula kwanza, injini ipoe kabisa, kwa sababu unapofungua kifuniko bakuli lina petroli. Akishafunga anapitisha kidole kwenye gasketi pande zote nne, anawasha, ananusa, ndipo anaondoka.