Kabla hujashika msasa kwenye modeli uliyoipiga rangi ya epoksi

Kabla hujaloweka hata kipande kimoja cha msasa hakikisha kwanza rangi imekomaa, sijasema imekauka, nimesema imekomaa, maana hapo ndo modeli nyingi nzuri (hizi ndege na vyombo vidogo vya kuunda) zinaharibikia. Epoksi haitegemei thina iruke tu basi, rangi na hadena (dawa ya kugandisha unayoichanganya nayo) zinashikana kikemikali na hiyo kazi inaendelea siku kadhaa baada ya wewe kugusa ukaona pakavu. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 unaweza kuishika modeli kesho yake bila shida, ila kukomaa kabisa mara nyingi ni kama siku 7, baridi ikiwepo inachelewa zaidi, na kopo lako ndo lina muda wake kamili kwa hiyo lisome. Jaribu kwa ukucha sehemu isiyoonekana, mfano chini ya bawa au ndani ya mfuniko wa betri, ukiacha alama basi irudishe kabatini. Hata msasa wenyewe utakwambia: unga mkavu ni sawa, vijidonge vinavyonata na kujaza msasa ni bado, acha hapohapo. Kama wiki mbili zimepita na bado inanata, na baridi haipo, kusubiri mara nyingi hakutasaidia, huenda kipimo cha hadena kilikosewa na itabidi uitoe rangi yote uanze upya. Inauma lakini hakuna njia ya mkato.

Afu ioshe. Epoksi nyingi, hasa zikikomaa kwenye baridi au unyevu, zinaacha utando kama mafuta juu, na ukisugua bila kuutoa unaupaka tu modeli nzima na msasa unaziba. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo vinatosha, futa, acha ikauke.

Sasa kingo, hapa naomba utulie. Kwenye kona, mistari ya paneli iliyoinuka, ncha ya bawa na vichwa vya riveti rangi huwa nyembamba kuliko sehemu bapa, na ndo hapo msasa unapogusa zaidi, kwa hiyo ukija kushtuka praima (rangi ya kwanza ya chini) inakuangalia. Bandika tepu ya kuzuia rangi kwenye kingo zote kabla hujaanza, sugua sehemu bapa kwanza, tepu utoe mwishoni na kingo uzipitie kwa mkono mwepesi na msasa laini kabisa. Kwenye bapa tumia kibao kidogo au raba ngumu, ukitumia vidole vitupu vinachimba mifereji ambayo huioni mpaka glosi (mng'ao) ije. Na kama ni rangi ya metaliki usiiguse kabisa, piga klia (rangi angavu ya juu) juu yake usugue hiyo klia.

Msasa wa maji andaa namba 800, 1000, 1500 na 2000 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi), chini ya hapo (400 au 600) ni kwa michuruziko na vijipele vikubwa tu. Loweka robo saa, weka tone la sabuni kwenye maji, na kila ukibadili namba badili na maji, maana punje moja ya 800 ikibaki itachora mstari utakaouhangaikia jioni nzima. Modeli ya balsa (mbao nyepesi sana) iangalie zaidi, ukitoboa rangi maji yanaingia kwenye mbao na inavimba, hapo tumia kitambaa chenye unyevu tu, usimwage maji.

Barakoa ya vumbi na glavu ziwe tayari hata kama unasugua kwa maji, kwa sababu tope likikauka linakuwa vumbi tena, na epoksi ambayo haijakomaa inaweza kukupa mzio wa ngozi ambao ukishaupata haukuachi. Hilo silifanyii mzaha.

La mwisho ni polishi. Amua mapema kama utarudia rangi au utabandika stika, maana polishi yenye silikoni au nta inafanya stika zisishike na rangi mpya ifanye vijishimo, kwa hiyo hayo yote yatangulie. Ukitumia mashine weka spidi ya chini na usikae sehemu moja, epoksi ikipata joto inalainika na unaweza kuikunja kabisa, mi kwa modeli ndogo napendelea kitambaa laini na mkono, inachukua saa nzima lakini unahisi kila sentimita inavyobadilika.