Simu Moja, Kadi za Karatasi, Darasa Zima Linajibu

Ukiuliza "Mmeelewa?", darasa litaitikia "Ndiyo!" nawe hutajua lolote. Ukisema anayejua anyooshe kidole, watajibu wale wale watatu wa kila siku. Kura ya kadi humlazimisha kila mwanafunzi ajibu, na haihitaji kila mmoja awe na kifaa. Yatosha simu ya mwalimu yenye kamera, intaneti na programu ya Plickers, pamoja na kadi za karatasi.

Kadi hupakuliwa na kuchapishwa kwenye karatasi ya A4. Kila moja ina mchoro wake mweusi wenye namba, na pande zake nne zina herufi A, B, C na D kwa maandishi madogo. Mwanafunzi huinua kadi huku herufi ya jibu lake ikiwa juu. Kamera husoma mchoro na kujua ni kadi ya nani na imeelekea upande gani. Kwa kuwa michoro haifanani, kumwigiza jirani ni kazi ngumu.

Chapisha kwenye karatasi nene. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, maana mwanga wa dirisha hurudi kwenye kamera na mchoro hausomeki. Namba ya kadi ilingane na namba ya mwanafunzi kwenye orodha ya darasa, la sivyo utapoteza dakika nyingi ukitafuta kadi ya nani iko wapi.

Anza na swali la mzaha, mfano "Leo ni siku gani?", ili makosa ya mikono yajitokeze mapema. Yako mawili. La kwanza ni vidole kuziba mchoro: washike kingo tu, kadi ikiwa usawa wa kifua. La pili ni mwanafunzi kusoma herufi kisha kuipindua kadi juu chini anapokuonyesha. Herufi aliyoichagua huishia chini na jibu hubadilika. Aigeuze kama anayefungua ukurasa wa kitabu.

Hayo ni ya mikono. Kazi hasa iko kwenye swali, na hapo ndipo wengi huharibu: jibu moja sahihi, matatu ya kujazia. Kila jibu lisilo sahihi liwe na kosa ambalo mwanafunzi hulifanya kweli. Tazama hili: ipi kubwa kati ya 0.62, 0.5, 0.358 na 0.09? Anayechagua 0.358 anadhani tarakimu nyingi ni namba kubwa. Wa 0.5 ameshika kinyume chake, kwamba fupi ndiyo kubwa. Wa 0.09 ameona 9 akasahau sifuri iliyotangulia. Ukiweka 0.4, 0.35 na 0.125, swali limekufa, kwa sababu anayeamini "fupi ndiyo kubwa" atapata 0.4 kwa bahati nawe utampongeza.

Wape dakika moja ya kufikiri kimya, kisha wapige kura. Angalia matokeo kwenye simu yako, usiyaonyeshe ukutani. Wakiona nguzo ndefu kwenye chati wataihamia bila kufikiri. Utaratibu unaofuata ulienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya 1990. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, fundisha upya kwa njia nyingine. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi uendelee. Katikati ya hapo ndipo penye utamu: kila mmoja amtafute aliyejibu tofauti naye, wabishane dakika mbili au tatu, kisha wapige kura tena. Baada ya kura ya pili, muulize aliyebadili jibu ni hoja gani iliyomshinda, hata kama alihama kutoka jibu sahihi.

Usitoe alama kwa kura hizi. Zikihesabiwa kwenye ripoti, watamsubiri mjuzi wa darasa aongee kwanza.

Siku intaneti ikigoma, kunja A4 mara mbili, andika herufi moja kwenye kila robo, na wote wainue kwa pamoja ukihesabu "tatu, mbili, moja". Utakadiria kwa macho tu, lakini kujua kama ni robo au nusu ya darasa kunatosha kuamua hatua inayofuata. Maswali mawili au matatu kwa kipindi yanatosha.