Kuandaa mguu wa mbuzi kwa kusomea mishipa ya damu na kano

Tafuta miguu miwili ya mbele ya mbuzi: mmoja wa mishipa ya damu, mwingine wa kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kutumia mguu mmoja kwa yote mawili ni kujinyima, kwa sababu fomalini, dawa ya kuzuia kuoza inayohifadhi mishipa, hukakamaza kano zisiteleze tena.

Agiza alfajiri machinjioni Vingunguti, miguu ya mnyama aliyekaguliwa. Sema wazi kwamba isibabuliwe, na ikatwe vidole vinne juu ya goti. Moto wa kubabua hupika mishipa iliyo chini ya ngozi, na mguu uliokatwa gotini kama wa supu hauachi ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ya kutosha kufungia kanula, mrija mwembamba wa kuingizia dawa mshipani.

Ateri kuu iko nyuma ya mfupa, upande wa ndani, chini ya misuli, imeambatana na neva. Neva ni kamba nyeupe isiyo na tundu. Ateri ina ukuta mnene na tundu lake hubaki wazi; vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, hulala bapa. Ingiza kanula ya kijani, ile namba 18, uifunge kwa uzi sehemu mbili. Kwa bomba la sindano la mililita 20 sukuma polepole maji ya vuguvugu yenye chumvi, gramu 9 kwa lita, mpaka yanayorudi kwenye vena yawe safi. Bonge la damu likibaki, jelatini yenye rangi utakayoingiza baadaye itaishia hapo hapo.

Loweka gramu 12 za jelatini katika mililita 100 za maji baridi kwa dakika kumi, kisha yeyusha kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto. Usichemshe, jelatini iliyochemka haigandi vizuri. Tia rangi ya unga ya sakafu, nyekundu, vijiko viwili vya chai, uchuje kwa kitambaa. Rangi ya chakula usitumie: huyeyuka majini, hupenya ukuta wa mshipa na kuchafua nyama yote.

Kabla ya kuingiza jelatini hiyo kwa kanula, zamisha mguu katika maji ya nyuzi 40 kwa nusu saa, la sivyo jelatini itaganda njiani. Sukuma taratibu. Panapovuja kwenye misuli iliyokatwa, bana au funga kwa uzi. Bomba likianza kugoma, acha. Ukilazimisha, mishipa midogo hupasuka.

Funga ateri, weka mguu kwenye friji usiku kucha. Hapa Dar hatua hii hairukwi: mchana wa Januari jelatini mezani hurudi uji. Asubuhi chana ngozi ili dawa ipenye, kisha zamisha siku mbili katika sehemu 1 ya fomalini ya dukani na 9 za maji. Fomalini hukaza jelatini, isiyeyuke tena. Vaa glavu na miwani, fanyia penye upepo. Mvuke wake unaumiza macho na mapafu.

Mguu wa kano uupasue ungali mbichi, ukiufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Kano ikikauka huwa ngumu kama pembe. Chuna ngozi ya nyuma, tenganisha kwa kupanua ncha za mkasi badala ya kukata. Kwenye kila kidole, kano ya juu (iliyo karibu na ngozi) hufanya pete, na ya chini (iliyo karibu na mfupa) hupita ndani yake hadi mfupa wa mwisho, ndani ya ukwato. Vuta ya chini: ncha ya ukwato inajikunja. Vuta ya juu: kinachokunjika ni kiungo cha juu yake.