Somo: Kilomita 200 kwa Baiskeli Ukiwa Umevuka Miaka 45

Katika umri huu, kinachomshusha mtu njiani mara nyingi si pumzi. Ni goti, makalio, viganja au tumbo. Ndiyo maana tunaanza na kiti, mazoezi yanafuata. Somo linamfaa anayemudu tayari kilomita 40 na mwenye wiki 12 za kujiandaa. Mwenye presha, kisukari au kifua kinachobana akipanda mlima aonane na daktari kwanza.

Hatua ya 1: Kiti
Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu juu kabisa katikati ya mapaja, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Zidisha kwa 0.883. Aliyepata sentimita 80 ataweka kiti sentimita 70.6, zikipimwa kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Hapo ni pa kuanzia tu. Goti likiuma kwa mbele, kwa kawaida kiti kiko chini mno; likiuma kwa nyuma, kiko juu mno. Nyonga zikiyumba kufuata pedali, shusha. Rekebisha milimita 3 hadi 5 tu, uendeshe safari mbili tatu, ndipo uguse tena. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja hatajua kipi kilimponya.

Hatua ya 2: Gia na matairi
Tafuta gia nyepesi: meno 34 mbele na 34 nyuma. Wapo wanaoiona ni gia ya wazee. Waache na magoti yao. Lenga mizunguko 80 hadi 90 ya pedali kwa dakika, kwani kusukuma gia nzito polepole ndiko kunakolemea goti. Kabla ya kufunga sproketi (gurudumu la meno) kubwa zaidi nyuma, hakikisha kibadilishio cha gia kinaimudu na mnyororo una urefu wa kutosha. Mnyororo mfupi ukikutana na sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma, unaweza kung'oa kibadilishio.

Tairi za milimita 28 hadi 32 zinatosha kwa lami. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi za 32, anza na upepo wa psi (kipimo cha shinikizo kwenye pampu) 55 mbele na 60 nyuma.

Hatua ya 3: Wiki 12
Safari ndefu ya kila wiki, kwa kilomita: 50, 60, 70, 50, 80, 95, 110, 75, 125, 145, 90, kisha 200 yenyewe. Usiruke wiki za kupunguza, maana mwili wa umri huu huchelewa kurudi. Katikati ya wiki, endesha mara mbili, kila mara saa moja hivi, na siku nyingine chuchumaa na kusimama mara 10, seti 3.

Hatua ya 4: Siku yenyewe
Brevet (safari ndefu ya baiskeli yenye kikomo cha muda, isiyo mashindano) ya kilomita 200 chini ya kanuni za Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa inayosimamia safari hizi, ina kikomo cha saa 13 na dakika 30. Ukienda kilomita 20 kwa saa, unabakiwa na saa tatu na nusu za kusimama. Basi kilomita 50 za kwanza uende huku ukiweza kuongea sentensi nzima.

Anza kula kabla ya saa ya kwanza kuisha: wanga gramu 40 hadi 60 kila saa (ndizi ya wastani ina kama 25). Maji ni mililita 500 hadi 750 kwa saa, zaidi kukiwa na joto kali, na chumvi kidogo. Maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu mwilini, na hilo ni hatari.

MASWALI

*Wakuu, baada ya kilomita 60 vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Ni glavu?*
Glavu husaidia kidogo. Neva ya upande wa kidole cha mwisho inabanwa kwa sababu umeegemea mikono. Angalia kiti: pua yake (ncha ya mbele) ikiinama unateleza mbele. Kisawazishe, inua usukani kidogo, kunja viwiko, badilisha mshiko kila dakika 10.

*Kaptura yenye pedi huvaliwa na chupi?*
Hapana. Mishono ya chupi ndiyo inayochubua.

*Saa ya tano tumbo linakataa chakula chochote.*
Punguza mwendo kwanza. Ukijikaza sana, damu inakwenda kwenye misuli na tumbo linasimama. Kunywa maji kidogo kidogo, acha vinywaji vitamu sana, rudi kwenye chakula baada ya dakika 20.

*Nimebadilisha tyubu, imepata pancha tena baada ya kilomita 2.*
Mara nyingi mwiba bado umo ndani ya tairi. Jaza tyubu upepo, ilinganishe na tairi ukianzia kwenye valvu, upapase hapo taratibu. Tundu likiwa upande wa rimu, kagua utepe unaofunika spoku. Yakiwa mawili sambamba, tyubu ilibanwa na rimu: upepo ulikuwa mdogo.