Kumpima sonona mama aliyejifungua, nyumbani kwake

Wiki hii nilizunguka vijiji vya Chamwino, Dodoma, na mhudumu wa afya ya jamii anayeanza kutumia dodoso la Edinburgh la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: maswali 10 kuhusu hali ya mama kwa siku 7 zilizopita. Nawaandikia wenzangu nilichomwelekeza.

Hatua ya 1. Nenda mtoto akiwa na wiki 6 hivi, wakati wa chanjo.

Hatua ya 2. Muwe wawili tu. Hapa niliwahi kupoteza siku nzima. Nilimhoji mama mmoja huku mama mkwe wake akimenya karanga pembeni. Kila swali alijibu kuwa hajambo, jumla ikawa 0. Kesho yake nilimkuta njiani akienda kisimani, tukaongozana. Kumbe alikuwa analia karibu kila siku.

Lakini usimfukuze bibi. Mwambie, "Shikamoo mama. Naomba umshike mjukuu kidogo, kuna maswali ya kliniki anayojibu mzazi peke yake." Kisha kaeni chini ya mti, mnapoonekana ila hamsikiki, mkijifungia ndani mtazua maneno. Mume naye asiwepo. Kama mama anaongea Kigogo zaidi, mkalimani asiwe ndugu wala mwanawe wa shule. Usipopata faragha, ahirisha. Heri urudi mara tatu kuliko kuandika majibu ya uongo.

Hatua ya 3. Soma kila swali kwa sauti, pamoja na majibu yake manne, hata kwa anayejua kusoma. Neno sonona liache kwenye karatasi; hapa kwetu mama husema ana mawazo.

Hatua ya 4. Jumlisha. Swali la 1, la 2 na la 4 huhesabiwa 0 hadi 3 kutoka jibu la juu. Mengine huanza na 3 kushuka hadi 0. Akifika 13, mpe rufaa. Akipata 10 hadi 12, mimi hurudi baada ya wiki 2.

Hatua ya 5. Swali la 10 ni la kujidhuru. Jibu lolote lisilokuwa "hapana kabisa" halisubiri jumla. Muulize waziwazi amewaza kufanya nini; kuuliza hakumpandikizii wazo. Asibaki peke yake, na sumu ya panya na dawa za shamba ziondolewe. Siku hiyohiyo afike zahanati au kituo cha afya, na ikibidi wampeleke Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Mimi huongozana naye hadi kwa mganga wa zahanati, maana karatasi ya rufaa nimeshaikuta wiki mbili baadaye imefungwa kwenye pindo la kanga.